Dondoo muhimu: Kaburi la mhenga, anza na walio hai

Anayetafuta kaburi la mhenga wake katika maziara ya zamani ya pwani asianze na mawe, aanze na wazee. Makaburi mengi ya Waislamu hayana jina, yana mashahidi mawili tu, yaani alama za kaburi, kichwani na miguuni. Pale Gedi, karibu na Malindi, kaburi moja limepata umaarufu kwa sababu tu limechorwa mwaka: Hijria 802, yaani 1399. Utaambiwa wazee husahau. Miaka husahauliwa, kweli, lakini nani kalala ubavuni mwa nani ni nadra kupotea. Kwa hiyo usiulize “alikufa lini?” Uliza “alizikwa karibu na nani?”, na umuulize pia mchimba kaburi na anayepalilia pale. Wahoji wazee wawili mbalimbali, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mdogo atamfuata mkubwa kwa heshima.

Ukibahatika kupata maandishi yenye mwaka, usiongeze 622 ukadhani umemaliza. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, hivyo 1340 si 1962 bali 1921 au 1922, na kosa la miaka 40 linakugeuzia babu kuwa mjukuu. Piga picha asubuhi, jua likiwa chini na mwanga ukija ubavuni, herufi zilizofifia zitajitokeza zenyewe. Wapo wanaosugua kwa brashi ya waya ili wasome vizuri. Usiwaige: chokaa ya matumbawe humomonyoka, na atakayekuja baadaye hatasoma chochote.