Somo la 14: Rangi ya Kinyesi na Afya ya Mwili

Katika somo lililopita tulifuata safari ya chakula kutoka kinywani hadi utumbo mpana. Leo tutachunguza mabaki yatokayo mwishoni mwa safari hiyo. Watu wengi huona haya kuyataja. Mganga wa zahanati haoni haya, humwuliza mgonjwa wa tumbo, "Choo chako kina rangi gani?"

Kinyesi cha mtu mwenye afya kwa kawaida huwa cha kahawia. Rangi hiyo hutokana hasa na damu iliyochakaa. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwavunjwa. Ini huyatia mabaki yake katika nyongo, nayo nyongo hupita katika mrija mdogo na kumiminika ndani ya utumbo mwembamba. Yafikapo katika utumbo mpana, bakteria huyageuza yakawa ya kahawia.

Je, mrija huo ukiziba? Kinyesi hupauka kama chokaa. Rangi iliyokosa njia hurudi katika damu. Macho huwa ya manjano, na mkojo hukoza kama chai ya mkandaa. Kwa mtoto mchanga jambo hili ni la hatari. Kinyesi chake cha kwanza huwa cheusi chenye ukijani, na baada ya siku chache hugeuka manjano. Hiyo ni kawaida. Kikipauka, apelekwe hospitali mara moja. Watoto wachache huzaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba au huziba mapema, na upasuaji hufaulu zaidi ukifanywa kabla hawajatimiza miezi 2. Nchini Japani, tangu mwaka 2012, kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina kadi ya rangi ili mzazi alinganishe.

Kinyesi cheusi, kinachonata kama lami na kunuka vibaya, huonyesha kuwa damu inavuja tumboni, pengine kutokana na vidonda. Damu hiyo imebadilishwa njiani. Ikivuja karibu na mwisho wa utumbo, hubaki nyekundu, kama katika ugonjwa wa kuhara damu au kichocho cha tumbo. Hata hivyo, tuulize kwanza mtu amekula nini: vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito huleta weusi, na bitiruti huleta wekundu.

Mgonjwa wa kipindupindu huharisha maji yanayofanana na maji yaliyooshea mchele. Aweza kufa kwa saa chache kwa kupungukiwa maji mwilini. Apelekwe zahanati upesi, na njiani anyweshwe mara kwa mara maji haya: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijazwe kwa kilele.

Maswali
1. Kwa nini kinyesi hupauka mrija wa nyongo uzibapo?
2. Mama mjamzito ameona kinyesi cheusi. Utamwuliza nini kwanza?
3. Mdogo wako anaharisha maji meupe, na zahanati iko mbali. Utatayarisha nini kabla ya kuondoka?