Kusoma Vitu: Somo Kutoka Jumba la Makumbusho la Kisumu

Hebu tuanze na sarufi kidogo, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na mwalimu mlezi wetu hatapenda nikianza moja kwa moja na mambo ya kutembea.

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbuka. Tukilinyambua katika kauli ya kutendesha tunapata kumbusha. Kisha tukitia ma- mwanzoni na -o mwishoni tunapata jina: makumbusho. Sasa angalia vizuri. Hatusemi makumbuko. Hapo pangekuwa na mtu mmoja tu anayekumbuka mambo yake kimya kimya. Kauli ya kutendesha inadai watu wawili: mmoja anayekumbusha na mwingine anayekumbushwa. Kwa hiyo ukiingia katika jumba lolote la makumbusho, swali la kwanza ni la kisarufi kabisa: hapa nani anamkumbusha nani, na anamkumbusha nini? (Wapo wanaosema makavazi, hasa watangazaji. Neno hilo wengine hulitumia kwa mahali pa kuhifadhia nyaraka. Mimi nitashika makumbusho kwa sababu ya hiyo -sh- iliyo katikati.)

Swali hilo nililibeba hadi Kisumu likizo ya Agosti. Niliipata safari hiyo kwa sababu ya rafiki yangu wa darasani. Nyote mnafahamu kwamba mradi wa unyunyizaji wa Bura ulipoanza kupokea wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walihamia huku kwetu kutoka pembe nyingi za Kenya. Babu yake rafiki yangu alikuwa mmoja wao, kutoka Nyanza. Yeye mwenyewe amezaliwa hapa hapa Chewele. Anaongea Kipokomo kama sisi, Kiorma anakijua cha sokoni na cha kutaniana, lakini Kijaluo chake, ukimwuliza bibi yake, ni cha mtu aliyekunywa maji ya Tana sana. Alipokwenda kumwona bibi huyo nilifuatana naye: basi la Garissa, la Nairobi, halafu la Kisumu. Vumbi tulianza nalo nyumbani, baridi tukaikuta Nakuru.

Kuhusu mji wenyewe nitasema machache. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ufuoni mwa ziwa mwaka 1901, na Waingereza wakapaita mahali pale Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi mmoja wa reli. Jina hilo halikudumu. Lile la wenyeji, linalosemekana kutokana na mahali pa kubadilishana chakula, ndilo lililoshinda, na mwaka 2001, miaka mia moja baada ya reli, Kisumu ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Jumba la makumbusho liko kando ya barabara iendayo Kericho, si mbali na katikati ya mji. Lilifunguliwa mwaka 1980. Ukiingia ukumbini utawakuta watu wamezunguka mnyama mmoja, au tuseme wawili: simba aliyekaushwa, amerukia mgongo wa nyumbu. Kila mtu anataka kupiga picha hapo. Mimi sina ugomvi na simba huyo, lakini mtoto wa Tana River hahitaji kwenda mwendo wote huo kukumbushwa kwamba simba ana meno. Nilipita. Katika kabati nyingine kuna zana za uvuvi na kilimo, vyombo vya nyumbani, mapambo na silaha za jamii za magharibi ya Kenya. Hapo nilikaa kidogo zaidi. Lakini penyewe hasa ni nje, kwenye boma linaloitwa Ber-gi-dala.

Hili ni boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mwenye boma ni mtu wa kubuniwa tu: ana wake watatu, mtoto wa kiume mkubwa, maghala ya nafaka na zizi la ng'ombe. Ukisimama langoni bila kuelezwa utaona nyumba za udongo na nyasi, basi, utasema kwetu pia ziko. Lakini ukianza kulisoma boma hilo kama unavyosoma sentensi, utakuta kila nyumba ina mahali pake na haiwezi kuhamishwa, kama vile huwezi kuhamisha kiambishi cha nafsi ukakiweka nyuma ya mzizi. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, iko juu, inatazamana na lango. Nyumba ya mke wa pili, nyachira, na ya mke wa tatu, reru, zimekaa upande huu na upande huu wa ile ya kwanza. Kijana wa kiume hujenga karibu na lango, na nyumba yake huitwa simba (huyu sasa si simba wa kule ukumbini!). Kwa hivyo mgeni aliyejua kanuni hizo hakuhitaji kuuliza nani ni nani katika mji ule. Nyumba zilimwambia.

Rafiki yangu alisimama pale langoni kwa muda. Kule Bura babu yake alipewa nyumba ya kijiji cha mradi, nyumba zimepangwa kwa mistari kama madawati, na lango hakuna. Maneno mikayi na simba alikuwa anayasikia kwa bibi yake tangu utotoni, lakini hakuwahi kuona yanakaa wapi. Akaanza kunionyesha kwa kidole: "Baba angejenga hapa. Shangazi wangezaliwa katika nyumba ile." Mwelekezaji wetu alinyamaza akamwacha aseme. Huo ndio mfano bora nilio nao wa kauli ya kutendesha.

Jioni bibi yake alituongezea jambo. Alituuliza kama tuliangalia paa. Akasema nyumba ya mwanamume ilikuwa na kijiti kinachochomoza juu kabisa ya paa, kiitwacho osuri, na kijiti hicho kilimaanisha mwenyewe yu hai. Akifariki, kinaondolewa. Nikawaza kwamba mwenye boma la makumbusho, kwa kuwa ni wa kubuniwa, hatakufa kamwe. Wala hatagombana na wake zake, wala mtoto wake hatahamia Nairobi. Hilo ni jambo la kulikumbuka ukitembelea mahali kama pale: unaonyeshwa kanuni, lakini maisha yenyewe umwulize bibi.

Jumba hilo lina pia samaki, nyoka, mamba na kobe, na madarasa ya msingi huwa hayatoki hapo. Mimi nilivutiwa na habari ya mbuta. Samaki huyu mkubwa hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliletwa katika miaka ya 1950 na kuachiliwa humo, na ilipofika miaka ya 1980 akawa ameongezeka vibaya mno na kuwala wale samaki wadogo waitwao fulu. Aina nyingi za fulu zilitoweka kabisa. Upande mwingine, mbuta huyo huyo akaleta viwanda vya minofu, na minofu ikasafirishwa hadi Ulaya. Ni mwizi au ni mfadhili? Mdahalo wa muhula ujao ndio huo, kama mwenyekiti wetu ataukubali.

Kesho yake tukaenda Kit Mikayi, kama kilomita 30 magharibi mwa Kisumu kwenye barabara ya Bondo. Hapa ndipo nilipofurahi kwamba tulitangulia makumbusho. Kit Mikayi ni majabali makubwa sana yaliyopandana, na jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Yaani lile neno la jana, la nyumba inayotazamana na lango! Wenyeji husimulia kwamba mzee mmoja aliyapenda mawe hayo hata akawa anashinda huko kila siku, na mkewe ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Watu wakimwuliza mama huyo mumewe yuko wapi, alijibu kuwa amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Watu huja pale kusali pia, wengi wao waumini wa Legio Maria, kwa hiyo usipige kelele. Kuna na Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo tangu karne ya 16 hivi, ambazo mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini hizo ziko mbali, kaunti ya Migori, na nauli yetu ilikuwa imefika mwisho wake.

Sasa nirudi kwenye somo. Kusoma kitu kilichowekwa makumbusho kunahitaji maswali, na mengi ni mepesi: kimeundwa kwa nini, kimeundwa na nani, kilitumika vipi, kikiharibika nani alikitengeneza. Majibu utayapata kwenye kibao au kwa mwelekezaji. Lakini liko swali moja ambalo vibao vingi hulirukia: kitu hiki kimefikaje hapa? Kwa Ber-gi-dala jibu ni rahisi. Boma limejengwa Kisumu, kwa mtindo wa watu wa huko huko, na watoto wao wanaweza kuja kwa matatu na kulitazama. Sasa liulize swali hilo hilo kuhusu kitu chetu sisi wa mto Tana.

Nazungumzia Ngadji. Hii ni ngoma kubwa ya Wapokomo, ngoma ya heshima, ambayo haikuwa ya kuchezwa arusini wala ya kuonwa na kila mtu. Wenye mamlaka ndio walioitunza, na mlio wake ulikuwa ni amri na fahari ya watu. Mwaka 1902 maofisa wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza waliichukua. Mwaka 1908 ikaingia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London, na huko ikawekwa ghalani, si mbele ya watazamaji. Wapokomo wameidai irudishwe.

Niliposimulia habari hii chamani, mwenzetu mmoja wa kidato cha nne alisema ati heri Waingereza waliichukua, maana hapa mchwa wangeimaliza. Nakubali mchwa wapo. Lakini tuirudie sarufi yetu. Ngoma iliyofungiwa ghalani, mbali na watu wake, inamkumbusha nani? Watunzaji wa zamani walijua mchwa ni nini, na ngozi ya ngoma ikipasuka ilivikwa nyingine. Waliojua kuivika ndio tuliowapoteza wakati ngoma haipo. Wala kurudisha si jambo lisilowezekana. Jirani zetu Wamijikenda waliibiwa vigango, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliokufa, vikauzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani hadi kwa familia iliyoibiwa.

Kuna urithi mwingine wetu ambao hakuna ofisa aliyeweza kuutia katika sanduku. Kila Jumatatu asubuhi tunasimama wima bendera ikipandishwa, na sauti ya Wimbo wa Taifa tunaouimba ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Tangu mwaka 1963 nchi nzima inasimama kwa heshima ya wimbo wa kulaza watoto wa mto Tana. Nilipomwambia bibi wa Kisumu hivyo alicheka sana, kisha akaniomba nimwimbie wa asili. Nikamwimbia hadi mwisho, maana mama alitulaza nao sote watano.

Basi, kwa wenzangu mnaotaka kwenda mahali kama Kisumu, au karibu zaidi, Lamu au Fort Jesus ya Mombasa, nina mashauri machache. Nendeni na barua ya shule na sare, kwani ada ya wanafunzi ni nafuu kuliko ya watu wazima. Ulizeni mapema kama malipo ni kwa simu, msije mkafika na noti mkononi mkarudishwa. Msiingie watu hamsini kwa mpigo; mwelekezaji atapiga kelele na nyinyi mtaona migongo ya wenzenu tu. Na simba muacheni mwisho.

ZOEZI LA LIKIZO KWA WANACHAMA

Chagua kitu kimoja cha nyumbani kwenu ambacho mzee bado anajua kukitengeneza. Yaweza kuwa mtumbwi, kinu, mtego wa samaki, kibuyu cha maziwa au fito za nyumba ya Kiorma, ambayo hujengwa na akina mama. Kaa na mzee huyo, uandike majina ya sehemu zote za kitu hicho kwa lugha ya nyumbani, kisha utafute kwa Kiswahili. Usipopata neno, eleza kwa sentensi, usibuni. Andika kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani hadi kufika hapo. Kitu chenyewe kisichukuliwe kutoka nyumbani bila ruhusa ya mwenyewe, hata kama ni chako kwa urithi.

Mimi nimeanza na mtumbwi wa babu. Hadi sasa nina majina tisa ya sehemu zake kwa Kipokomo, na ya Kiswahili nimepata manne tu. Anayejua mengine anione darasani, kidato cha tatu, wakati wa mapumziko ya saa nne.