Nodi mbili kwa kila taski

Mjomba alinipigia simu alfajiri. "Mjomba, pampu haizimi. Maji yanamwagika uani tangu usiku." Juu ya tangi lake la lita 5,000 kule Kigamboni nilikuwa nimefunga bodi ndogo ya STM32F103. Inapima kina cha maji, inawasha na kuzima pampu, na inatuma ujumbe mfupi maji yakipungua. Nilipofika, ile taa ya kijani inayotakiwa kupepesa kila sekunde ilikuwa imewaka tu, haipepesi. Kihisi kilikuwa kizima na waya zilikuwa salama. Kosa lilikuwa kwenye orodha za kerneli niliyoiandika mwenyewe.

Niliamua kuandika mfumo endeshi mdogo wa wakati halisi kwa sababu nilitaka kuelewa kila mstari unaotembea ndani ya bodi ile. FreeRTOS ipo na ni kazi nzuri mno. Richard Barry aliianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mengi ninayoyajua kuhusu orodha nimeyapata kwa kusoma faili lake la list.c. Ni faili fupi, unalimaliza kwa kikombe kimoja cha chai. Lisome kabla hujaandika lako.

Kwenye orodha ya mnyororo, kila nodi inashika anwani ya jirani yake. Kerneli inaihitaji kwa kuwa taski haikai mahali pamoja: sasa hivi iko tayari, punde imelala kwa milisekunde 50, punde inangoja semafo. Ukizipanga kwenye safu ya kawaida, kuitoa moja ya katikati kunakulazimu usogeze zote zinazofuata. Kwenye mnyororo unaoshikana mbele na nyuma, unabadilisha pointa mbili za majirani basi, na muda unaotumika ni uleule taski ziwe tatu au thelathini. Kwenye wakati halisi hicho ndicho tunachokitafuta: kujua mapema operesheni itachukua muda gani kwa uchache na kwa wingi wake.

Mwanzo na mwisho wa orodha vilinipa tabu mpaka siku nilipoifikiria kama tasbihi. Uzi wa tasbihi unazunguka, na ipo punje moja kubwa isiyohesabiwa. Kidole kikiigusa unajua duru imetimia. Ipe orodha yako punje hiyo, uiite kichwa. Orodha tupu ni kichwa kinachojielekea chenyewe mbele na nyuma. Hapo maswali ya "je, ni tupu?" na "je, hii ni ya mwisho?" yanaondoka yote, na kuingiza nodi kunabaki mistari minne:

```
void weka_kabla(nodi_t *p, nodi_t *n) {
    n->mbele = p;
    n->nyuma = p->nyuma;
    p->nyuma->mbele = n;
    p->nyuma = n;
}
```

Usibadilishe mpangilio wake. Ukiutanguliza mstari wa nne mbele ya wa tatu, p->nyuma tayari ni n, kwa hiyo mstari unaofuata unaifanya n ijielekee yenyewe. Chora visanduku kwenye karatasi na ufute mishale kwa raba, mmoja mmoja. Mimi mpaka leo nachora.

Nodi yenyewe nimeiweka ndani ya muundo wa taski, wala siiombi kwa malloc. Bodi ina kilobaiti 20 tu za RAM, na malloc haikuahidi itachukua muda gani wala kwamba itapata nafasi. Nodi ikiwa sehemu ya mwili wa taski, nafasi yake ipo tangu taski ilipozaliwa. Ina sehemu tano: mbele, nyuma, wakati, mmiliki na orodha iliyomo. Kila sehemu ni baiti 4, jumla baiti 20. Kerneli ya Linux haiweki pointa ya mmiliki. Inaipata anwani ya kitu kizima kwa kutoa umbali wa nodi kutoka mwanzo wa muundo. Ni ufundi mzuri, ila kwa taski zangu nane niliona baiti 4 zile zinalipa, kwa sababu ukiwa kwenye dibaga unaona mara moja nodi ni ya nani.

Sasa turudi tangini. Niliibeba bodi nyumbani nikaunganisha dibaga, nikaacha iendelee mpaka ikaganda tena. Nikaisimamisha. Ilikuwa ndani ya kitanzi kinachotafuta nafasi kwenye orodha ya waliolala, ile inayopangwa kwa wakati wa kuamka. Nikabonyeza hatua moja moja huku nikitazama pointa inayotembea: 0x200001a8, kisha 0x20000240, kisha 0x200001a8, kisha 0x20000240. Haikurudi kwenye kichwa hata mara moja. Anwani ya kwanza ilikuwa nodi ya taski ya modemu. Ya pili ilikuwa kichwa cha orodha nyingine kabisa, ya wanaongoja semafo.

Nikaelewa. Taski ya modemu hungoja jibu kwa semafo, lakini haingoji milele. Jibu lisipokuja kwa sekunde 5 inaamka yenyewe. Kwa hiyo inatakiwa iwe kwenye orodha mbili kwa wakati mmoja, ya waliolala na ya wanaongoja semafo. Mimi nilikuwa nimeipa nodi moja. Ilipoingizwa kwenye orodha ya pili, pointa zake ziliandikwa upya, ila majirani wa orodha ya kwanza waliendelea kuielekea. Anayetembea kwenye orodha ya waliolala akifika kwenye nodi ile anatumbukia kwenye duru ya semafo, na humo kichwa anachokitafuta hakimo. Kitanzi kile kinakimbia mikatizo ikiwa imezimwa, kwa hiyo hata saa ya kerneli ilikufa, na pampu ikabaki ilivyoachwa.

Dawa ni nodi mbili kwa kila taski, moja ya hali yake na moja ya tukio inalolingoja. FreeRTOS inafanya hivyohivyo. Nilikuwa nimeziona zote mbili nikadhani ya pili ni ya anasa. Kwa taski nane ni baiti 320 kati ya 20,480. Na taski ikiamshwa kwa njia yoyote, itolewe kwenye orodha zote mbili kabla ya kuingizwa kwenye ya walio tayari.

Niliongeza ulinzi pia. Kabla ya kuingiza, msimbo unaangalia sehemu ya orodha; kama si tupu, nodi bado iko mahali, na bodi inasimama hapohapo ikiwa imezima pampu. Baada ya kutoa nodi, pointa zake zinaharibiwa makusudi. Wengi huandika sifuri. Kwenye STM32F103 usifanye hivyo, maana anwani sifuri inasomeka: hapo ndipo kumbukumbu ya flashi inapoonekana, na neno lake la kwanza ni anwani ya kuanzia ya steki, ambayo kwa chipu hii kwa kawaida ni 0x20005000. Programu yako inaisoma kama pointa halali na kupiga hatua nyingine badala ya kuanguka papo hapo. Andika anwani isiyo na kumbukumbu yoyote nyuma yake, ili kosa lipige kelele papo hapo. Linux nayo hujaza sumu ya namna hiyo kwenye nodi iliyotolewa.

Kuhusu mikatizo sitasema mengi, ila usiipuuze. Ikiingia kati ya mstari wa tatu na wa nne wa weka_kabla, ukitembea mbele utaikuta nodi mpya, ukirudi nyuma hutaikuta. Zima mikatizo, fanya mistari minne, kisha rudisha hali uliyoikuta. Usiiwashe tu, huenda aliyekuita alikuwa ameizima kwa sababu zake. Ndani ya list.c kuna maelezo marefu yanayomwambia msomaji kwamba programu ikianguka hapo, atazame kwanza steki iliyofurika na vipaumbele vya mikatizo vilivyopangwa vibaya. Mara nyingi orodha inabebeshwa kosa lililofanywa na mwingine.

Kuchagua taski ya kukimbia ni rahisi: orodha moja kwa kila kipaumbele, na neno moja la biti 32 linaloonyesha orodha zipi zina watu. Cortex-M3 ina amri moja, CLZ, inayohesabu sifuri za mwanzo wa neno hilo, kwa hiyo unapata kipaumbele cha juu bila kitanzi chochote. Kitanzi kinabaki kwa waliolala tu, nacho hakiwezi kuzidi idadi ya taski.

La mwisho ni saa. Kihesabu cha biti 32 kinachopanda kila milisekunde kinajaa na kurudi sifuri baada ya siku 49.7. Ukilinganisha nyakati mbili kwa alama ya "ndogo kuliko", siku hiyo taski itakayoamka kesho itaonekana imepitwa zamani. Toa moja kwa nyingine, kisha soma jibu kama namba yenye ishara:

```
(int32_t)(a->wakati - b->wakati) < 0
```

Inafanya kazi mradi hakuna anayelala zaidi ya siku 24. FreeRTOS imechagua njia tofauti: ina orodha mbili za waliolala, na saa ikirudi sifuri zinabadilishana nafasi.

Jaribu haya yote kwenye kompyuta kwanza. Msimbo wa orodha haujui maikrokontrola, unakubali kompaila yoyote ya C. Ingiza na utoe nodi bila mpango mara milioni moja, na kila mara tembea mbele ukihesabu, tembea nyuma ukihesabu, hesabu zilingane. Kisha, kwenye bodi yenyewe, anzisha saa kwenye 0xFFFFFF00 ili irudi sifuri baada ya milisekunde 256. Fanya hivyo ukiwa mezani, kabla hujapanda ngazi ya tangi la mtu.