Mbwa Mwoga Asiye na Kamba: Somo la Kuzuia Ugomvi Njiani

Katika vitongoji vya Kilolo mbwa wako wengi, wala si ajabu, maana mkulima wa mahindi aliye karibu na misitu ya Udzungwa anamhitaji mlinzi wa kumwamsha usiku nguruwe mwitu wanapoingia shambani, na wa kubweka mchana ngedere wanaposhuka. Lakini mbwa yule yule aliye msaada shambani aweza kuwa mzigo njiani. Humtokea mama aliyejitwika tenga la nyanya akienda gulioni, au watoto waendao shule, akawabwekea na kuwazunguka. Mara jiwe linarushwa, mara tusi linatoka, na jioni majirani wawili hawasalimiani tena. Basi leo tujifunze namna ya kuizima fitina hii kabla haijawaka.

TABIA YA MBWA MWOGA

Wengi hudhani ya kwamba kila mbwa abwekaye ni mkali. Sivyo. Wako wabwekao kwa hofu. Mbwa mwenye hofu hufyata mkia, hulaza masikio nyuma, hujilamba midomo, hugeuza uso pembeni na huonyesha weupe wa macho. Pengine husogea mbele akibweka, kisha hurudi nyuma. Maana yake ni hii: “Ondoka, nakuogopa.” Mtu akizidi kumkaribia, au akimbana penye ua asipate pa kukimbilia, ndipo humng'ata. Kwa hiyo mbwa mwoga ana hatari yake, hata kama nyumbani kwake hulala pamoja na kuku bila kuwagusa.

Nayo hofu hiyo ina sababu. Mbwa aliyefungwa tangu utoto wake asione wageni, au aliyezoea kupigwa mawe, humwona kila mpita njia kuwa adui. Kumpiga zaidi hakumwondolei hofu, bali huiongeza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yakataza kumtesa mnyama.

IMPASAYO MWENYE MBWA

Neno liletalo ugomvi kuliko kubweka kwenyewe ni hili: “Usiogope, haumi huyo.” Mwenye mbwa hulisema kwa nia njema, kwani anamjua mbwa wake. Lakini yule aliyeshtuka hamjui, naye hulisikia neno hilo kama dharau, kana kwamba hofu yake ni upuuzi. Basi mwenye mbwa na afuate utaratibu huu.

Kwanza, amshike mbwa kabla ya kusema neno lo lote. Asimwite kwa makelele akiwa mbali, maana makelele humzidishia mbwa hofu. Amwendee kwa utulivu, amfunge kamba, na kusimama kati yake na mgeni.

Pili, asalimu kwa adabu ya kwetu, kisha aombe radhi: “Kamwene mama. Nisamehe, mbwa wangu amekutisha. Je, amekugusa?” Maneno haya hayamgharimu kitu, nayo humpa mwenzake nafasi ya kupumua.

Tatu, akijibiwa kwa ukali, asirudishe ukali. Mtu aliyetishwa husema maneno ambayo kesho atayajutia. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tena, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu chahesabu kuwa ni kosa kumtolea mtu matusi kwa namna iwezayo kuvunja amani. Basi hata mtu mwenye haki katika jambo la mbwa aweza kujitia hatiani kwa ulimi wake.

Nne, asingoje lawama ya pili. Siku za gulio, na saa watoto waendapo shule na kurudi, mbwa wa namna hii akae uani au afungwe kwa kamba ndefu penye kivuli na maji.

IMPASAYO MPITA NJIA

Mpita njia naye ana wajibu wake. Asikimbie, kwani mbwa humfukuza akimbiaye. Asiinue jiwe wala fimbo, na asimkazie macho. Asimame wima, mikono ikae kando ya mwili, kisha arudi nyuma pole pole. Aliyeangushwa na mbwa ajikunje na kufunika uso na shingo kwa mikono. Walimu wawafundishe watoto jambo hili kwa kuliigiza uwanjani, maana Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba katika kila watu 100 wang'atwao na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 40 hivi ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Akitaka kulalamika, na alalamike mbwa akiisha fungwa. Aseme jambo lililotokea, asitaje ukoo wa mtu wala umaskini wake.

MTU AKING'ATWA

Hapo ubishi wote na ukome, kwa maana adui mkubwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukiisha onyesha dalili kwa mtu, hauna dawa ya kumponya. Karibu wote hufa. Kila mwaka huua watu kama 59,000 duniani, wengi wao wa Asia na Afrika. Lakini waweza kuzuiwa. Tarehe 6 Julai, 1885, huko Paris, Louis Pasteur alianza kumpa chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona.

Kwa hiyo jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, asingoje shauri liamuliwe. Mbwa asiuawe na kundi la watu kwa hasira. Kama aweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10, na bwana mifugo apewe habari. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, yajulikana ya kwamba siku aliyong'ata hakuwa na sumu ya kichaa mateni mwake. Mbwa aliyeuawa na kutupwa porini hawezi kutupa habari hiyo.

KWA WAAMUZI WA MASHAURI

Zamani mashauri ya namna hii yalipelekwa kwa jumbe. Utawala wa machifu ulikomeshwa mwaka 1963, na Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 iliweka usuluhishi mbele. Mzee au mwenyekiti wa kijiji apelekewaye shauri la mbwa aulize kwa taratibu hii: Je, yuko aliyeumia? Ametibiwa? Mbwa yuko wapi? Amechanjwa? Maswali haya yakiisha jibiwa, ndipo ajadili nani alimtukana nani. Akianza na matusi, jeraha litasahauliwa, na kijiji kitagawanyika pande mbili.

Mwisho, kinga ni bora kuliko tiba. Wataalamu wamekubaliana ya kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, kichaa hukosa njia ya kuenea. Bwana mifugo atangazapo siku ya chanjo, kila mtu na apeleke mbwa wake akiwa na kamba shingoni, na mwoga naye asiachwe nyumbani.

MASWALI YA KUULIZANA

1. Kwa nini neno “haumi huyo” humwudhi aliyeshtuka?
2. Taja dalili nne za mbwa mwenye hofu.
3. Jeraha la mbwa huoshwa kwa nini, na kwa muda gani?
4. Mbwa aliyemng'ata mtu yafaa aangaliwe siku ngapi, na kwa sababu gani?