Usilivimbishe Gari Kila Usiku

Mdogo wangu, najua unachofanya. Unarudi Bamburi jioni, gari lina chaji asilimia 60, na kesho safari yako ni mjini na kurudi tu. Lakini roho haitulii mpaka uchomeke waya, ulale ukijua asubuhi itasoma 100. Nakuelewa, hata mimi nilikuwa hivyo. Ile ni hofu ya kuzimikiwa barabarani, wala si hesabu.

Sasa nisikilize. Betri ya lithiamu haipendi shibe wala njaa. Ikijaa pomoni halafu ikaachwa hivyo kutwa, inachakaa kwa ndani, na joto letu la Mombasa linazidi kuichochea. Nissan Leaf yangu ya mtumba kutoka Japani nilikuwa naijaza usiku, kisha naianika juani siku nzima bila kwenda popote, eti iwe tayari. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vistari 12 vidogo vya afya ya betri. Siku moja nikavihesabu: 11. Nikarudia kwa kidole. Cha kwanza kikizimika ujue umeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wa betri, na huo haurudi. Nililia, usinicheke.

Kwa hiyo siku za kawaida ishia 80, na usingoje ishuke chini ya 20 ndipo ukumbuke soketi. Una safari ya Malindi? Jaza 100, sikukatazi, ila ijae karibu na saa ya kuondoka, siyo tangu juzi. Ukiliacha gari wiki mbili, liache na nusu, kivulini.

Na hizo chaja za haraka unazozipenda! Leaf ya zamani kama yangu haina maji ya kupoza betri. Ichaji kwa kasi mara mbili mfululizo mchana wa jua kali, uone kipimo cha joto kinavyopanda. Ziwe za safari tu. Nyumbani chaji polepole, usiku, gari likishapoa.

Ila usiende kumhubiria rafiki yako mwenye gari la BYD. Nyingi zina betri za lithiamu za aina nyingine, LFP, na hizo hutakiwa kujazwa mpaka 100 mara moja moja ili kompyuta isome chaji sawasawa. Asome kitabu cha gari. Changu kilikuwa cha Kijapani, ndiyo maana nikalia.

Leo jioni ukifika na 60 yako, upite huo waya bila kuugusa. Utaliota gari usiku kucha, najua. Asubuhi utalikuta na 60 ile ile.