MADA YA SABA: KAZI ZA DIWANI NA USHIRIKISHWAJI WA WANANCHI
Mfano kutoka Jiji la Arusha na maeneo ya Mlima Meru

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza maana ya diwani na namna anavyopatikana;
(b) kutaja kazi za diwani na mipaka ya kazi hizo;
(c) kufuatilia safari ya hoja ya wananchi kutoka mtaani hadi Baraza la Madiwani;
(d) kueleza wajibu wa mwananchi katika safari hiyo.

7.1 Utangulizi

Ukimuuliza mtahiniwa kazi ya diwani, mara nyingi atajibu: "Diwani hujenga barabara, shule na zahanati." Jibu hilo halimpatii alama za kutosha, kwa sababu diwani hana fungu lake la kujengea chochote. Kazi yake ni kuyabeba mahitaji ya kata yake hadi pale fedha zinapogawanywa, kusimamia matumizi yake, na kurudi kuwaeleza wananchi kilichoamuliwa. Ukilishika wazo hili, maswali mengi ya mada hii yatakuwa mepesi.

7.2 Maana ya diwani na namna anavyopatikana

Diwani ni mwakilishi wa wananchi wa kata katika halmashauri. Kuna madiwani wa aina mbili:

i. Diwani wa kata. Huchaguliwa na wapiga kura wa kata katika Uchaguzi Mkuu, siku moja na Rais na wabunge. Mgombea awe na umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa eneo la halmashauri na adhaminiwe na chama cha siasa.

ii. Diwani wa viti maalumu. Ni mwanamke anayepatikana kupitia chama chake kwa uwiano uliowekwa na sheria.

Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri yake. Mkurugenzi wa halmashauri ni katibu wa baraza hilo. Yeye huteuliwa, hachaguliwi.

*Angalizo:* Wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji hawachaguliwi pamoja na madiwani. Uchaguzi wao hufanyika mwaka mmoja kabla ya Uchaguzi Mkuu. Kwa mfano, uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na Uchaguzi Mkuu tarehe 29 Oktoba 2025.

7.3 Kwa nini wananchi wanahitaji mwakilishi? Somo kutoka Meru

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru hawakuwa na baraza lililochaguliwa ambalo lingeweza kuizuia amri hiyo. Walijiunga, wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa papo hapo, lakini kesi hiyo iliamsha hamasa ya kisiasa Tanganyika nzima.

Somo kwa mtahiniwa ni hili: watu wasiokuwa na mwakilishi wa karibu walilazimika kuvuka bahari ili wasikilizwe. Leo malalamiko kama hayo yana mahali pa kuanzia palepale kijijini.

Hata baada ya uhuru njia hiyo haikuwa wazi wakati wote. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na mpango wa Madaraka Mikoani. Huduma za miji zilizorota, na mamlaka za miji zikarejeshwa mwaka 1978. Mwaka 1982 zilitungwa sheria mpya: Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya, Na. 8 kwa mamlaka za miji na Na. 9 kwa fedha za serikali za mitaa. Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 zinazitambua serikali za mitaa, na kusema kuwa lengo lake ni kuwapelekea wananchi madaraka.

7.4 Muundo: mjini na vijijini

Mkoani Arusha unaweza kuona miundo yote miwili kwa karibu. Jiji la Arusha ni mamlaka ya mji: chini ya halmashauri kuna kata, na chini ya kata kuna mitaa. Ngarenaro, Sombetini, Lemara na Muriet ni miongoni mwa kata zake. Baraza lake la madiwani huongozwa na Meya. Ukielekea miteremko ya Mlima Meru unakuta Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Halmashauri ya Wilaya ya Meru, yenye makao Usa River. Huko chini ya kata kuna vijiji, na chini ya vijiji kuna vitongoji. Mabaraza yake huongozwa na wenyeviti wa halmashauri.

Mtu anaweza kuishi Ilboru na kuuza ndizi soko la Kilombero, mjini. Soko liko chini ya Jiji, lakini diwani wake wa makazi yuko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Kabla ya kulalamika, jua hoja yako ni ya halmashauri ipi.

7.5 Kazi za diwani

1. Kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mtendaji wa Kata ndiye katibu wake.
2. Kuwasilisha mahitaji ya kata katika Baraza la Madiwani na kamati zake za kudumu.
3. Kushiriki kupitisha mpango na bajeti ya halmashauri.
4. Kutunga sheria ndogo pamoja na madiwani wenzake, kwa mfano za usafi, masoko na ushuru.
5. Kusimamia watendaji kwa kuhoji taarifa za utekelezaji na za fedha.
6. Kuhamasisha wananchi kushiriki kazi za kujitolea, michango halali na vikundi vya maendeleo.
7. Kutoa mrejesho kwa wananchi.

Kazi ya saba husahauliwa na watahiniwa wengi, na wakati mwingine na madiwani wenyewe.

7.6 Safari ya hoja: kivuko cha korongo

Maji ya mvua kutoka Mlima Meru hupita mjini kwa mito kama Themi na Naura, na kwa makorongo mengi ambayo kiangazi huwa makavu. Aprili 2024, wakati wa mvua kubwa jijini Arusha, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo na watoto wakapoteza maisha. Kwa hiyo hoja ya kivuko si jambo dogo la kupitisha muda mkutanoni.

Tuseme wakazi wa mtaa mmoja wanataka kivuko ili watoto wafike shule salama. Hoja yao itapita hatua hizi:

Hatua ya 1: Mkutano wa mtaa. Wakazi wanaijadili hoja mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mahudhurio na uamuzi huandikwa katika muhtasari wa mkutano.

Hatua ya 2: Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wenyeviti wa mitaa yote ya kata wanakutana chini ya diwani. Mtaa mmoja unataka kivuko, mwingine choo cha shule, mwingine taa. Kamati hupanga kipi kianze.

Hatua ya 3: Kamati ya kudumu ya halmashauri. Wataalamu hutoa makadirio ya gharama, na madiwani huyapima pamoja na maombi ya kata nyingine.

Hatua ya 4: Baraza la Madiwani. Hoja inaingizwa katika mpango na bajeti, inaahirishwa, au inapelekwa kwa taasisi inayohusika.

Hatua ya 5: Mrejesho. Diwani anarudi na jibu, hata kama jibu ni "bado", na anaeleza sababu.

Zingatia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Mtaa unaoibua hoja mwezi Juni utaikuta bajeti imeshapita.

Zingatia pia muhtasari. Diwani anayesimama barazani na muhtasari wenye majina na sahihi za wakazi mia mbili ana nguvu kuliko anayesema tu "wananchi wangu wanalalamika". Mkutano ukihudhuriwa na watu kumi, diwani naye anakwenda barazani na sauti ya watu kumi.

7.7 Mipaka ya kazi ya diwani

Baadhi ya kero za kila siku haziko mikononi mwa halmashauri moja kwa moja:

* Barabara za mitaa na vivuko vyake: Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza mwaka 2017.
* Maji mjini: Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha (AUWSA).
* Maji vijijini: Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Hapa kazi ya diwani ni kuifikisha hoja kwa taasisi husika, kuomba taarifa na kufuatilia.

Mfano: maji yenye floridi. Maji ya maeneo mengi ya Meru yana madini ya floridi kwa kiwango kikubwa kwa sababu ya asili ya volkano ya mlima huu. Watoto wanaoyanywa kwa muda mrefu hupata meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikizidi sana mifupa huathirika. Kuchemsha hakuondoi floridi. Huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, ambako mkaa wa mifupa umetumika kuchuja maji. Diwani hawezi kuyabadilisha maji ya mlima, lakini anaweza kuomba vyanzo vya kata vipimwe, kudai matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, na kusukuma chanzo salama kipewe kipaumbele. Wananchi nao wana wajibu wa kufuata ushauri wa wataalamu na kulinda vyanzo vya maji.

7.8 Makosa ya kuepuka katika mtihani

* Kuchanganya Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Kata. La pili ni chombo cha usuluhishi wa migogoro.
* Kuandika kuwa diwani ni bosi wa Mtendaji wa Kata. Mtendaji ni mwajiriwa. Diwani ni msimamizi kupitia vikao.
* Kusema ushirikishwaji ni kuchangia fedha tu. Kuhudhuria, kuhoji mapato na matumizi, na kupiga kura ni ushirikishwaji pia.
* Kusahau mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

7.9 Swali na jibu la mfano

*Swali:* Wakazi wa mtaa wenu wanasema diwani hafai kwa kuwa hajajenga kivuko. Kwa hoja nne, waeleze wanachopaswa kufanya.

*Jibu kwa muhtasari:* (i) Wahudhurie mkutano wa mtaa na kuhakikisha hoja imeandikwa kwenye muhtasari. (ii) Wamtake mwenyekiti wa mtaa aiwasilishe Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya msimu wa bajeti. (iii) Wamtake diwani aifikishe barazani na TARURA, kisha alete mrejesho kwa tarehe iliyokubaliwa. (iv) Wajitolee wanachoweza, kama kusafisha mifereji na kuacha kutupa taka korongoni. Ikiwa diwani ameletewa hoja kwa utaratibu na hakuifuatilia, wana haki ya kumhoji hadharani na kuchagua mwingine uchaguzi ukifika.

Zoezi
1. Tofautisha diwani wa kata na mwenyekiti wa mtaa kwa hoja tatu.
2. Eleza kwa nini serikali za mitaa zilirejeshwa baada ya kufutwa mwaka 1972.
3. "Diwani mzuri hutokana na wananchi wanaohudhuria mikutano." Jadili kwa mifano kutoka kata unayoishi.
4. Taja kero moja ya mtaa au kijiji chenu, kisha andika taasisi inayohusika na hatua ambazo hoja hiyo itapitia.