Kabla Ukuta Haujabomolewa: Maoni ya Mbunifu Majengo na Haki ya Mwenye Nyumba

Katika huduma zote anazolipia mtumiaji, ushauri wa kitaalamu ndio mgumu zaidi kuupima. Kilo ya sukari ina mizani yake na lita ya petroli ina pampu yake. Maoni ya mbunifu majengo hayana chombo cha namna hiyo. Mwenye nyumba huambiwa kwamba ukuta huu usiguswe, kwamba dirisha lile halipitishi hewa, na kwamba sebule yake imepitwa na wakati. Kauli zote tatu hutamkwa kwa sauti ileile na mtu yuleyule, ilhali uzito wake haulingani. Ya kwanza inahusu usalama, ya pili inahusu hali ya hewa, na ya tatu ni ladha ya msemaji. Somo hili linakusudia kumwezesha mtumiaji kuzitenganisha mapema, wakati makosa bado yanaweza kufutwa kwa kifutio cha penseli.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini msomaji aliyewahi kukarabati nyumba hatauona mgeni.

Mwalimu mmoja mstaafu na mumewe wanaishi Tanga, katika nyumba ya matofali ya saruji waliyoijenga kidogo kidogo walipokuwa kazini. Mbele kuna baraza linalotazama barabara, upande wa magharibi. Nyuma ya baraza ni sebule, kisha vyumba vitatu na ujia unaofika uani, ambako kuna jiko la nje na tangi la maji. Mwalimu alipopokea kiinua mgongo chake aliamua kuipa nyumba sura mpya: ukuta wa sebule ubomolewe ili baraza liingizwe ndani, mbele yawekwe madirisha makubwa ya alumini ya kusukuma, na jiko liletwe ndani. Fundi aliyekuja kutazama alisema kazi ya ukuta ni ya siku tatu. Binti yao akasihi aitwe kwanza mbunifu majengo.

Kijana huyo alifika saa kumi alasiri.

«Shikamoo, Mwalimu.»

«Marahaba, mwanangu. Karibu ndani.»

«Ahsante. Kabla sijaingia, naomba kuuliza: saa hizi kwa kawaida mnakaa wapi?»

Walikuwa wamekaa uani. Mwalimu alieleza kwamba baraza huliwi na jua wakati huo, na kwamba sebuleni hukaa wageni na televisheni. Baada ya magharibi ndipo mumewe hutoka barazani kuzungumza na majirani. Mbunifu aliandika yote hayo kabla hajapima chochote, na Mwalimu, kama angekuwa na haraka, angedhani anapotezewa muda. Kwa maoni ya mwandishi wa somo hili, maswali hayo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika huduma aliyokuwa anainunua. Mbunifu anayefungua kompyuta na kuonyesha picha za nyumba nzuri kabla hajauliza nani anaamka saa ngapi, nani anapika wapi na mgonjwa atalala chumba gani, anauza picha.

Sasa tuyatazame maoni yake.

La kwanza lilihusu ukuta. Mbunifu aliomba ngazi, akachungulia juu ya dari, na kukuta kenchi za paa zimeegemea ukuta uleule uliopangwa kubomolewa. Katika nyumba zetu nyingi za matofali, ukuta haugawi vyumba tu, hubeba paa. Kuuondoa kunahitaji boriti ya kupokea mzigo huo, nguzo za kuishikilia boriti, na msingi wa kuzibeba nguzo, na vipimo vyake hukokotolewa na mhandisi. Lenta iliyofungwa juu ya ukuta si mbadala wa boriti, maana mara nyingi ilisukwa ikitarajia kuwa na matofali chini yake kwa urefu wake wote. Kuugonga ukuta kwa ngumi na kusikiliza mlio hakumwambii mtu lolote kuhusu mzigo uliopo juu. Katika jambo la aina hii mtumiaji asibishane, na wala asitafute fundi wa pili mwenye ujasiri zaidi. Akiwa na shaka, aombe maoni ya mhandisi aliyesajiliwa, kwa maandishi. Vilevile akumbuke kwamba kazi inayobadili muundo wa jengo huombewa kibali cha ujenzi katika halmashauri kabla ya kuanza, hata kama jengo ni la siku nyingi na hati ipo kabatini.

Maoni ya pili yalihusu jua na upepo, na hapa tutakaa zaidi, kwa sababu ni eneo ambalo mtumiaji anaweza kumhakiki mtaalamu kwa macho yake mwenyewe.

Tanga iko takribani digrii 5 kusini mwa Ikweta. Mahali kama hapo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi kwa mwaka mzima. Linaloumia ni paa. Kuta za kaskazini na kusini huguswa kidogo, na upenu wa kawaida wa paa hutosha kuzikinga. Kuta za mashariki na magharibi hazina bahati hiyo, kwa kuwa asubuhi na alasiri jua huwa chini na hupenya chini ya upenu. Ukuta wa tofali la saruji ukichomwa na jua la alasiri hutunza joto hilo na kulirudisha chumbani usiku. Mwenye chumba cha magharibi anayelalamika kwamba feni inapuliza hewa moto hadi usiku wa manane hana feni mbovu.

Kwa hiyo baraza ambalo Mwalimu alikuwa akiliona kama eneo lililopotea lilikuwa likifanya kazi kila siku: liliubeba mchomo wa alasiri ili sebule isiubebe. Kuliingiza ndani na kuliwekea vioo kungehamishia jua sebuleni, na baada ya hapo kungefuata kiyoyozi, na baada ya kiyoyozi bili ya umeme ya kila mwezi, kwa watu wanaoishi kwa pensheni.

Kuhusu madirisha, mbunifu alichora mstatili na kuugawa katikati. Dirisha la kusukuma lenye vioo viwili hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Mwenye nyumba hulipia dirisha zima na kupata upepo wa nusu dirisha. Dirisha la bawaba, au la vipande vya kioo vinavyoinama kama yale ya zamani ambayo wengi wameyang'oa kwa kuona haya, hufunguka karibu lote. Zaidi ya hayo, upepo hauingii chumbani usipokuwa na pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja tu, hata liwe kubwa kama mlango, hubaki kizito. Chenye matundu mawili ya wastani kwenye kuta zinazotazamana hupumua. Wakazi wa pwani wanazijua pepo mbili za mwaka, kaskazi na kusi, na nyumba yenye matundu upande wa kaskazini na wa kusini huzipokea zote mbili kwa zamu. Mababu zetu walioacha ujia wazi tangu mlango wa mbele hadi uani hawakuwa na shahada, lakini walijenga bomba la upepo.

Mtumiaji ayahakiki maoni haya kwa njia rahisi. Akae na kiti katika kila chumba asubuhi, adhuhuri na alasiri, kwa siku moja. Achore kwa chaki sakafuni mahali ukuta mpya utakapopita, kisha apitishe kitanda, kabati na meza kwa kutumia futi kamba. Mlango wa bafu wenye upana wa sentimeta 60 haupitishi kiti cha magurudumu. Jambo hili halikuwamo katika orodha ya Mwalimu, ila mbunifu alimwona mumewe akishika fremu ya mlango kila aliposhuka kidato cha bafuni, akauliza habari za magoti. Katika mchoro wa kwanza, kidato hicho kilikuwa kimeondolewa.

Jiko lilileta mjadala mrefu. Familia hii hutumia gesi kwa chai na mkaa kwa maharage. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo mbunifu alishauri jiko la gesi liingie ndani, na jiko la mkaa libaki uani chini ya paa dogo lililounganishwa na nyumba, ili mpishi asinyeshewe. Hilo lilikubaliwa. Lakini aliendelea: jiko la ndani lisiwe na ukuta, liwe wazi kwa sebule, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kisasa.

«Mwanangu,» Mwalimu alisema, «mgeni wangu hataziona sufuria zangu.»

Mbunifu alieleza kuhusu mwanga, kuhusu nafasi kuonekana kubwa, na kuhusu mama kupika huku akizungumza na wageni. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho na kurudia jibu lake. Alikuwa na haki. Kauli hiyo ya mbunifu haikuwa ya usalama wala ya hali ya hewa; ilikuwa fikra kuhusu namna watu wanavyopaswa kuishi, na katika jambo hilo mtaalamu wa nyumba ile ni anayeishi ndani yake. Nyumba ya Waswahili yenye vyumba pande mbili za ujia na ua nyuma ilitenga tangu zamani pa kupokea mgeni na pa shughuli za nyumbani. Anayetaka kulivunja pazia hilo na avunje kwake. Mtumiaji asione aibu kusema hapana kwa sababu tu hajui istilahi.

Tahadhari moja, hata hivyo: mtindo huweza kuwa na gharama iliyojificha. Paa la kufichwa nyuma ya kuta, linalopendwa sana sasa, huondoa upenu, na ukuta ukakosa mwavuli wa mvua na jua. Maji yote hukusanyika kwenye mifereji iliyo ndani ya kuta, na mfereji ukiziba kwa majani, maji hushuka darini. Paa la namna hiyo linaweza kujengwa vizuri, lakini ulizeni nani atapanda kusafisha, na mara ngapi. Umbo zuri na kazi havigombani. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilipewa mapaa ya zege mithili ya miavuli iliyopinduliwa, na miavuli hiyo ilikusudiwa pia kukinga maji ya mvua.

Yabaki mambo ya mkataba, ambayo tutayapitia kwa haraka. Jina la mbunifu lihakikishwe katika Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kadi ya biashara yenye picha ya jengo si cheti. Makubaliano yaandikwe kabla ya mchoro wa kwanza, yakitaja ni michoro ipi itakayotolewa, ada ya kila hatua, nani anaomba kibali, na kama mbunifu atakagua kazi inapoendelea, kwa kuwa kuchora na kusimamia ni huduma mbili. Yaeleze pia kama mwenye nyumba anaruhusiwa kuitumia michoro hiyo tena kwa jengo jingine. Mbunifu akisisitiza duka moja tu la vigae au alumini, mtumiaji amuulize bila kuzunguka kama duka hilo humlipa chochote. Swali hilo si matusi. Nakala ya michoro yenye sahihi na muhuri ibaki nyumbani, pamoja na risiti zote. Anayekuja kulalamika mikono mitupu humpa afisa kazi ngumu, na mwandishi anasema hivyo kwa uzoefu wa dawati lake.

Ukarabati wa Mwalimu haukubomoa ukuta. Baraza lilibaki, likaongezewa upenu na benchi la saruji. Sebule ikapata dirisha jipya upande wa kaskazini. Jiko la gesi likapata chumba chake, chenye mlango. Ugomvi mmoja tu ulitokea. Mwalimu alibadili mawazo kuhusu bafu mara tatu, na mbunifu akadai ada ya nyongeza kwa mchoro wa mwisho. Mwalimu alikasirika, akatoa mkataba kwenye bahasha, akavaa miwani na kusoma. Ulisema marekebisho mawili yamo katika ada, na yanayozidi hapo hulipiwa. Alilipia la tatu, akadai risiti, na kuiweka katika bahasha ileile.